Nilivyougua Kamari Nikiwa Mkalimani wa Mahakama

Je, niliyaruka maneno yale kwa kusahau, au kwa kutaka?

Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi tangu mwisho wa kiangazi mpaka mvua za mwaka uliofuata zilipokaribia kukatika. Nililigeuza kila upande. Nikijiambia nilisahau, nilijiuliza mbona niliyakumbuka yote, neno kwa neno, mara tu nilipotoka nje ya chumba cha mahakama. Nikijiambia nilitaka, nilijiuliza kama mtu anaweza kutaka jambo baya kiasi kile na asijue kwamba anataka. Niliamka, nikanywa maji, nikarudi kulala, nikaanza upya tangu mwanzo kama mtu aliyepotea njia.

Ninaandika sasa kwa sababu yaliyo mabaya zaidi yamepita, na kwa sababu najua wako wengine. Nimewaona. Wako makarani, wako askari, wako matarishi, wako waliofungwa na wanaowafunga. Wanadhani wana tabia mbaya tu, na kila Jumatatu wanaahidi kuiacha. Mimi niliahidi Jumatatu nyingi. Sitaeleza ugonjwa wa kamari unatoka wapi, maana sijui. Nitaeleza ulivyonishika na mahali uliponifikisha.

Naitwa Asajile. Nilizaliwa Uyole, baba yangu Mnyakyusa na mama yangu Msafwa. Baba alifariki nikiwa bado shuleni, akatuacha mimi, mama na dada yangu Sekela. Nilikuwa wa kwanza katika ukoo wetu kumaliza darasa la kumi na mbili. Siku niliporudi nyumbani na cheti, mama alikifunga ndani ya kanga yake ya Jumapili, na kila mgeni aliyekuja alioneshwa, hata wale wasiojua kusoma. Mwaka mmoja baada ya Malkia wa Uingereza kutawazwa nikapata kazi ya ukalimani katika mahakama moja ya Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kusimama kati ya kizimba na meza ya hakimu Mwingereza, kupokea Kisafwa, Kinyakyusa au Kiswahili kutoka upande mmoja na kukitoa kwa Kiingereza upande wa pili.

Mimi ni mtu wa kuwaza kupita kiasi. Mtu akinisalimu kwa ufupi, nashinda nikitafuta kosa nililomfanyia. Kazi ile haikunisaidia. Kila jioni nilipanda baiskeli kurudi Uyole huku nikiyapima upya maneno niliyoyatafsiri.

Nyuma ya mahakama, karibu na banda la kuni, kulikuwa na kopo lililowahi kuwa la kahawa. Mwenyewe alikuwa Sajini Nzowa, tarishi wetu, mtu mnene mwenye kucheka, aliyepigana vita vya Burma na kurudi na cheo hicho ambacho hakuna aliyethubutu kumwondolea. Kesi ilipokaribia hukumu, sisi watumishi tulipita pale mmoja mmoja na kutia maharage ndani ya kopo. Kila mtu alikuwa na rangi yake. Punje moja ilikuwa mwezi mmoja. Hukumu ikishasomwa, Sajini alimwaga kopo juu ya gunia na kuhesabu. Aliyekaribia zaidi kifungo alichotoa hakimu alichukua vilivyowekwa: sigara, sukari, mche wa sabuni. Mchezo huo tuliuita kupima mzigo.

"Msomi," Sajini aliniambia siku ya kwanza, "wewe unakaa karibu na pua yake. Akikohoa mara moja ni miezi mingapi?"

"Sijui, Sajini."

"Hajui! Darasa la kumi na mbili, na kikohozi cha mzungu hakijui. Chukua maharage ya njano, hayana mwenyewe."

Nilishinda mche wa sabuni. Mama alifurahi. Lakini si sabuni iliyonishika. Ilikuwa ule muda kati ya kutia maharage na kusikia hukumu. Katika muda ule, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu, sikuwaza jambo lingine lolote. Kichwa kilitulia. Moyo ulienda mbio, viganja vikapata joto, na yale maswali yangu yote yakanyamaza kama watoto mwalimu anapoingia darasani. Anayetaka kujua kwa nini mtu mwenye akili zake anarudi kwenye kitu kinachomla, basi ajue hilo: nilikuwa natafuta kupumzika.

Mpaka masika yanakwisha, kopo halikunitosha. Jumamosi nilikwenda Mbalizi, siku ya soko, ambako nyuma ya maduka ya nguo watu walicheza karata na dadu. Ilikwenda taa ya baiskeli, kisha baiskeli yenyewe. Mwezi wa sita, nyasi za Uyole zikiwa nyeupe kwa baridi alfajiri, likaenda koti la marehemu baba, tena kwenye kopo letu wenyewe. Lilichukuliwa na askari mmoja wa zamu. Nilimwona akilivaa kila siku mlangoni pa mahakama, naye ananisalimu vizuri kabisa.

Mwili ulianza kusema. Nilitoboa tundu jipya kwenye mkanda, halafu la pili. Tumbo liliwaka kama nimemeza kaa la moto. Kope ya jicho la kushoto ikawa inacheza yenyewe. Nilitafuna kucha mpaka hakimu akaniambia niweke mikono nyuma ninapotafsiri.

Mwezi wa kumi akaletwa Mzee Mwampashi.

Alikuwa mkulima Msafwa kutoka milimani juu ya mji. Alichoma nyasi za shamba lake kama watu wote wafanyavyo kiangazi, upepo ukageuka, moto ukavuka njia na kuingia msitu wa serikali. Alikiri kosa bila kuzunguka. Lililobaki lilikuwa kifungo, na sheria ilimpa nafasi ya kusema lolote kabla hajafungwa.

Sajini alikuwa amepitisha kopo asubuhi. Wengine walitia punje sita, wengine tisa. Mimi nilikuwa nimesikia hakimu akilalamika juu ya moto wa misitu, nikatia kumi na nane. Waliweka vitu vizuri siku ile, na yule askari aliweka koti la baba yangu.

Sasa lazima nieleze desturi moja. Mzee wa Kisafwa akipewa nafasi ya kusema mbele ya mkubwa, haanzi na jambo lake. Anaanza kwa kuheshimu kiti cha huyo mkubwa, anauliza afya ya nyumba yake, anataja baba zake mwenyewe ili ajulikane ni nani anayesema, anataja mvua. Jambo lenyewe analiweka katikati, kwa sauti ya chini, kwa maana kulitanguliza ni utovu wa adabu. Kisha anafunika tena kwa heshima. Sisi wakalimani tulijua mahakimu hawana subira na hayo. Tulizoea kukata. Mzee alisema kwa dakika tano, sisi tukasema, "Anaomba radhi, bwana." Hakuna aliyetulaumu. Tulisifiwa kwa wepesi.

Mzee Mwampashi alisema kwa muda mrefu. Katikati, kwa sauti ile ya chini, alisema kwamba alipoona moto umevuka njia, ni yeye mwenyewe aliyekimbia kumwita mlinzi wa msitu, na yeye na wanawe walipigana nao mpaka nyayo zake zikaungua. Akainua mguu kidogo ili aoneshe. Halafu akarudi kwenye heshima.

Hakimu alitazama saa yake. "Ndiyo hayo tu?"

"Anaomba radhi, bwana," nilisema. "Ndiyo hayo tu."

Miezi kumi na nane.

Sajini alimwaga kopo juu ya gunia, akapiga kelele, "Msomi! Punje kwa punje!" Yule askari akavua koti, akanivalisha mwenyewe mabegani, na kila mtu akacheka. Hapo ndipo maneno ya mzee yaliponirudia yote. Nililivua koti la baba yangu, nikalikunja chini ya kwapa.

Mtu angedhani ningeacha siku ile. Nilicheza zaidi. Kila swali lile liliponijia, nilijua mahali pa kulinyamazisha. Mvua za kwanza zilipoanguka, mama alikwenda ghalani kuchukua mbegu ya mahindi na maharage. Magunia yalikuwa yamejaa makapi.

Hakupiga kelele. Alikaa kizingitini, kanga yake ikilowa. Sekela ndiye aliyesema.

"Kaka, nani ameingia ghalani?"

"Sijui. Labda panya."

"Panya wa darasa la kumi na mbili!" alisema. "Panya anayejaza makapi na kufunga kamba! Mama analima kwa mikono yake upate kuvaa viatu, wewe unakwenda kumwaga mbegu zake Mbalizi. Sema basi. Si unasemea watu kila siku? Leo jisemee mwenyewe."

Nilizifunga upya kamba za magunia. Mwaka ule tulipanda mbegu ya kuomba kwa majirani, na Sekela hakunipa chakula mkononi tena. Alikiweka chini, akaondoka.

Matibabu yalianza baada ya Krismasi. La kwanza lilikuwa la mama. Alinipeleka kwa wazee wa kanisa, wakaniombea kwa machozi ya kweli. Nilitaka sana kupona. Lakini wakati mzee wa tatu akiomba, nilijikuta nimeshaweka dau moyoni kwamba ataomba muda mara mbili ya yule wa pili, na niliposhinda, viganja vikapata joto. Nilitoka pale nikiogopa kuliko nilivyoingia.

La pili lilikuwa hospitalini Mbeya, kwa ajili ya tumbo. Tulikaa barazani kwenye benchi refu tangu asubuhi, mvua ikipiga bati. Walinipa dawa nyeupe kama chokaa, chupa moja kila wiki mbili. Nilikwenda nayo kwenye meza ya karata, chupa ya kwanza, ya pili na ya tatu. Ilituliza tumbo. Lakini pale pale kwenye benchi, dereva mmoja mwenye mkono uliovunjika alininong'oneza, "Unasemaje, ataitwa yule mama au yule mtoto?" Tukawekeana viazi vitamu. Nilikula kiazi chake huku nikisubiri dawa ya tumbo.

La tatu lilikuwa la mganga huko Mbalizi, aliyenitapisha siku mbili kwa mizizi. Nilirudi mwepesi kama kuti. Njia ya kurudi ilipita sokoni. Sitasema zaidi.

Mwezi wa tatu niliomba likizo ya ugonjwa, na mama akaamua niende Iringa kwa mdogo wake, aliyeolewa na Mhehe na kuishi Kihesa. Mama Mdogo hakuwa na maswali mengi. Alinipokea kituoni, akanitazama toka juu mpaka chini, akasema, "Dada yangu ameniletea fimbo iliyovaa suruali." Alinipa uji wa ulezi asubuhi na jioni, akanipa jembe katikati. Hizo zilikuwa rehema mbili za kwanza, na ya tatu ilikuwa kwamba pale Kihesa hakuna aliyenijua.

Chupa ya dawa nyeupe ilipokwisha, alinipeleka zahanati ya misheni. Dresa wa pale, mtoa dawa na mfunga vidonda, aliitwa Bwana Kikoti, mtu mrefu, mpole, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alinipima tumbo, akauliza linawaka lini. Nikamjibu. Akauliza tena: kabla ya kuwaka ninakuwa nimefanya nini? Nyuma yangu benchi lilijaa akina mama na watoto waliokuwa wakilia, naye hakuonesha haraka. Mwisho nikamwambia kamari.

"Kumbe wewe ndiye mgonjwa, si tumbo," alisema. "Sina dawa ya hiyo kwenye kabati. Sikudanganyi. Lakini baba yangu mzazi alikuwa mlevi, na najua jambo moja lililomsaidia. Hamu ikija, kabla mkono haujatoka, mwambie mtu kwa mdomo. Mtu yeyote. Sema, nataka kucheza. Basi."

"Hata mtu nisiyemjua?"

"Huyo ndiye bora. Hatakuaibisha nyumbani."

"Na akinicheka?"

"Acha acheke. Wewe utakuwa umekwisha sema."

Niliona ni jambo la kitoto. Nililiwaza siku tatu: niseme kwa sauti gani, nitangulize salamu au nisitangulize. Siku ya nne hamu ilinijia shambani kama kiu, nikamwambia Mama Mdogo. Alisimama na jembe lake. "Haya, nimesikia," alisema, akaendelea kulima. Kwa namna nisiyoielewa mpaka leo, ikapungua. Haikuondoka. Ilipungua kiasi cha kufika mwisho wa tuta.

Ikawa hivyo. Wiki ya kwanza nilimwambia mara nyingi mpaka akaniuliza kama ninamhesabia matuta. Wiki ya pili, mara chache. Nilianza kulala. Kope iliacha kucheza. Mvua za mwezi wa nne zilikuwa nzito, mahindi ya Kihesa yakafunika mabega, nami nikalegeza mkanda tundu moja. Nilijiona nimepona. Swali lile la mzee lilikuwa bado linakuja, lakini nilijiambia kwamba nalo litapungua.

Halafu, katikati ya mwezi wa nne, nilikwenda zahanati kuchukua dawa, nikamkuta Mzee Mwampashi kwenye benchi.

Alivaa nguo nyeupe za kifungo. Kando yake askari jela alikuwa anasinzia. Walikuwa wamempeleka Iringa pamoja na wengine kufyatua matofali. Alikuwa amekonda, na alikohoa akiwa ameziba mdomo kwa adabu. Nilitaka kugeuka. Yeye aliniona kwanza, akaita kwa Kisafwa kwa furaha kubwa, "Mtoto wa mahakama! Wewe uliyenisemea!"

Akanishika mikono yote miwili. Tangu aletwe, alisema, hakuna aliyeongea naye lugha yake. Akanishukuru. Alisema alijua nimemwambia hakimu kila kitu, maana nilikuwa kijana mwenye uso mzuri, na kwamba yule mzungu alikuwa mgumu tu wa moyo, na hilo si kosa langu.

Bwana Kikoti akatoka mlangoni. "Unaelewa lugha yake? Ashukuriwe Mungu. Huyu mzee amekuja mara mbili, hakuna anayemwelewa. Ingia naye."

Basi nikasimama tena kati ya watu wawili. Mzee alianza. Aliuheshimu mlango wa Bwana Kikoti, akauliza afya ya watoto wake, akamtaja baba yake na babu yake, akataja mvua. Akasema na mengine. Akafunga kwa heshima.

"Anasema ana kikohozi," nilisema.

Bwana Kikoti alivua miwani yake. "Amesema muda wa kuchemsha chai, wewe umesema maneno matatu. Mengine yako wapi?"

"Ni salamu tu, bwana. Ni desturi yetu."

"Hata sisi Wahehe tunasalimu. Mgonjwa huweka ugonjwa wake katikati ya salamu ili asionekane anajililia. Nipe yote. Na salamu nipe."

Nikamwomba mzee arudie, nikayatoa yote, moja baada ya jingine. Katikati, kwa sauti ile ya chini, alikuwa amesema kwamba kwa wiki tatu anatema damu asubuhi, na kwamba anaificha ili wenzake wa chumbani wasimwogope.

Bwana Kikoti alisimama, akafungua dirisha. Akamwamsha askari, akaandika barua kwenda kwa bwana mkubwa wa jela kwamba mzee asirudi kwenye matofali, alazwe. Mimi nilikaa chini sakafuni.

Ilikuwa wazi sasa, na ilinitisha kwa urahisi wake. Nilikuwa nimeruka tena, na safari hii hapakuwa na kopo, hapakuwa na maharage. Kwa hiyo labda mara ya kwanza nilisahau kweli, kwa mazoea. Au labda mazoea ndiyo yaliyonipa mahali pa kujificha nilipotaka. Nilianza kuligeuza swali pale pale sakafuni, kushoto, kulia, na nikaona ghafla kwamba ningeweza kuligeuza mpaka mzee afe. Kusahau au kutaka, maneno yake hayakufika. Hilo halikuwa na pande mbili.

Nilimwambia mzee barazani, nikiwa nimemshika mikono, wakati askari akisubiri barua. Nilimwambia yote, kopo na koti. Nilimwambia kwa Kisafwa, bila utangulizi, kama mtu asiye na adabu.

Mikono yake aliitoa mikononi mwangu.

"Na hilo koti," aliuliza mwishowe, "lina joto?"

"Sijalivaa tena, baba."

"Ungelivaa. Angalau mmoja wetu angepata kitu."

"Nisamehe, baba."

"Mimi?" Alikohoa, akasubiri kikohozi kipite. "Unaniambia mimi kwa sababu ni rahisi kuniambia mimi. Mimi nilikuwepo, niliyajua maneno yangu. Asiyeyajua yuko Mbeya, amekaa kwenye kiti."

Askari akamwinua. Hakuniaga.

Usiku huo sikuwaza sana, na sikujua la kufanya na muda uliobaki. Asubuhi nilimwambia Mama Mdogo kwamba ninarudi Mbeya kusema. Aliuliza kama nitafungwa. Nikamwambia huenda. Alinifungia mahindi ya kuchoma kwenye gazeti, akasema, "Basi ule kabla ya kusema. Usiende mbele ya mzungu unatetemeka njaa, atadhani ni woga."

Ili msomaji asibaki na wasiwasi kama wangu, nitasema matokeo sasa hivi. Kesi ilipelekwa juu, kifungo kikapunguzwa, na Mzee Mwampashi akatoka hospitalini kwenda kwake milimani kabla ya kiangazi kwisha. Amepona kifua. Hajapata kunisalimu, na sijamwomba. Mimi nilifukuzwa kazi na kukaa jela miezi mitatu, ambako niliona kwamba watu huwekeana hata vijiko vya ugali, na ambako nilisema "nataka kucheza" kwa kila mtu aliyenisikiliza, mpaka wafungwa wakaniita Nataka. Watatu kati yao walianza kuniambia nao. Sekela alikuja siku niliyotoka, amebeba chakula, akanipa mkononi. Siku hizi ninafundisha watoto kusoma huko Kihesa, na hamu bado inakuja, mara nyingi wakati wa baridi.

Lakini ninalotaka kulimaliza ni ile safari na ile asubuhi, kwa ajili ya yule ambaye bado anazunguka.

Basi lilisimama njiani kwa saa nzima, gurudumu likitengenezwa. Chini ya bati la duka vijana watatu walikuwa wanacheza karata. Nilishuka. Nilikuwa nimefika nusu ya njia kabla sijajua kwamba natembea. Karibu yangu alikuwa mama mmoja wa makamo, amebeba kuku wanne waliofungwa miguu.

"Mama, shikamoo," nilisema. "Nataka kucheza kamari."

Alinitazama. "Marahaba. Una wazimu?"

"Sina, mama. Nimeambiwa niseme."

"Umekwisha sema?"

"Nimesema."

"Basi nishikie hawa kuku, nimechoka mikono." Akanipa wote wanne. Nilisimama pale jua lote nikiwa na kuku wawili kila mkono, wakinidonoa, na karata zilikuwa hatua kumi tu, na sikuwa na mkono wa kuzishika. Tulipopanda tena, hakunidai kuku wake mpaka Uyole.

Kesho yake nilifika mahakamani saa mbili asubuhi, kabla kesi hazijaanza. Sajini Nzowa alikuwa anafagia ngazi. "Msomi umepona!" alisema. "Leo kuna kesi nzuri, ya ng'ombe sita. Maharage yako ya njano nimekutunzia."

"Sajini," nilisema, "nataka sana kucheza. Ninakwenda kumwambia hakimu habari za Mzee Mwampashi, na nitalazimika kulitaja kopo."

Fagio lilisimama. Uso wake ulipoteza kicheko chote, nikaona kwa mara ya kwanza kwamba alikuwa mzee, na kwamba na yeye kope yake ilikuwa inacheza.

"Utatuua wote, mwanangu."

"Njoo tuingie pamoja."

Alitikisa kichwa. Nilimsubiri kidogo, kisha nikapanda ngazi peke yangu.

Hakimu alikuwa anasoma karatasi zake. Alisema amefurahi kuniona mzima, akanionesha mahali pangu pa kawaida pembeni mwa meza. Sikwenda pale. Nilikwenda mbele, kwenye kizimba, nikashika mbao kwa mikono yote miwili.

"Bwana," nilisema, "mwezi wa kumi ulimfunga mzee mmoja kwa moto wa msitu. Aliongea kwa dakika tano na mimi nikakuambia anaomba radhi. Nilikuwa nimewekea dau kifungo chake. Nimekuja kukupa maneno yake."

Aliniuliza kama ninafahamu ninajishitaki mwenyewe, na kwamba ninaweza kukaa kimya.

"Nafahamu, bwana."

Akavuta karatasi nyeupe, akachovya kalamu. Nikaanza kwa kukiheshimu kiti chake na kuuliza afya ya nyumba yake.